Bafu la mama: mikono ikidhoofu, maji yamfuate



Ndugu wasomaji wa safu hii, wiki hii naomba tuingie mahali ambapo magazeti hayaingii mara nyingi, nako ni bafuni. Tunazungumza sana juu ya chakula cha wazee wetu, dawa zao na matumizi yao ya mwezi. Ni nadra kuulizana: je, mzee wetu anaogaje? Anatiaje udhu? Nami nisingeliuliza lau nisingelikwenda nyumbani kwetu Lalago, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, na kuyaona kwa macho yangu yale ambayo simu haikuwahi kunieleza.

Mama yetu amevuka miaka 70. Mikono yake imepalilia na kuvuna pamba kwa zaidi ya miaka 40, imeteka maji, imetwanga, imetuogesha sisi watoto wake na kisha wajukuu wake. Miaka michache iliyopita vidole vyake vilianza kuvimba na kukakamaa. Daktari alitueleza kuwa ni baridi yabisi, maradhi ambayo kinga ya mwili huvigeukia viungo vya mwili wenyewe na kuvishambulia kana kwamba ni adui. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na saa yake ngumu ni asubuhi: mgonjwa huamka vidole vimeganda, na huenda ikapita saa nzima au zaidi kabla havijalegea. Yaani ugonjwa huu unamkamata mtu hasa wakati wa Alfajiri, saa ambayo Muislamu anahitaji mikono yake kwa ajili ya maji.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama anatayamamu ukutani, hali ndoo imejaa maji hatua tano kutoka alipokaa. Nikamuuliza, "Mama, si maji yapo?" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Yapo, mwanangu. Ila yananishinda."

Siku zilivyokwenda nikayaona mengine. Mama alikuwa haogi kila siku kama desturi yake. Alikuwa anakunywa maji kidogo mno ili asiende msalani mara kwa mara. Wifi yangu ni mwanamke mwema na alijitolea kumwogesha, lakini mama aliona haya kuvuliwa nguo na mke wa mwanawe, akawa anamsubiri mjukuu wake wa darasa la sita. Mtoto yule alikuwa anabaki nyumbani kila asubuhi hadi bibi amalize kuoga, ndipo akimbie shuleni, na mara nyingi alikuta kipindi cha kwanza kimekwisha. Hakuna aliyelalamika, si bibi wala mjukuu. Na kwa kuwa hakuna aliyelalamika, sisi tuliokuwa mbali tulidhani mambo ni mazuri.

Mkono una kazi ngapi bafuni?

Jambo la kwanza tulilofanya halikuhitaji hata shilingi moja. Tulikaa na mama, tukamwomba atueleze hatua kwa hatua, tangu anapotoka chumbani hadi anaporudi amevaa. Bafu letu ni kama mabafu mengi ya kwetu: chumba kidogo cha matofali nyuma ya nyumba, kimepakana na choo, hakina paa, kina sakafu ya saruji, ndoo moja na kopo moja. Ungesema hapo hapana kazi yoyote. Tulipohesabu tukapata kazi 9 za mkono: kufungua komeo la mlango, kuinua ndoo, kuchota maji kwa kopo, kulipandisha kopo hadi kichwani, kushika sabuni, kusugua mwili, kujishikilia wakati wa kuinuka, kukamua kitambaa, na kufunga kanga.

Kwa mtu mwenye afya kazi hizo hupita bila kufikiriwa. Kwa mwenye mikono dhaifu kila moja ni mlima wake. Na hapa pana faida: ukishajua ni kazi ipi inayomshinda, huhitaji kumjengea bafu jipya, unaiondoa kazi ile moja. Mama kwa mfano aliweza kusugua. Hakuweza kushika kitu chembamba, hakuweza kuzungusha kitu, na hakuweza kuinua uzito juu ya bega.

Fahamu pia kwamba udhaifu wa mikono si wa aina moja. Aliyepatwa na kiharusi huwa na mkono mmoja mzima na mwingine mzito. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kuwa na ganzi, mkono una nguvu lakini hauhisi moto wala baridi. Aliyewahi kuugua ukoma anaweza kuwa na ganzi pamoja na vidole vilivyojikunja. Kwa hiyo msinakili bafu la jirani bila kumuuliza mgonjwa wenu. Na udhaifu ukija ghafla, upande mmoja wa mwili ukalegea, mdomo ukapinda au maneno yakawa hayaeleweki, huo si wakati wa kutengeneza bafu. Mkimbizeni hospitali saa ile ile.

Kosa langu

Nataka nilikiri kosa langu ili lisirudiwe. Kabla ya kumuuliza mama chochote, nilikuwa nimekwisha kununua Dar es Salaam bomba la mvua la kung'aa na koki yake ya kuzungusha, ya duara, nzuri ya kutazama. Tukaliunga kwenye jaba la maji tulilolipandisha juu. Mama akaingia, akaishika ile koki kwa mkono wenye povu, ikamteleza. Akajaribu kwa mikono miwili, ikagoma. Akatoka mlangoni na kanga yake kifuani, akaniuliza, "Hii umemnunulia nani?"

Tulicheka sote, lakini swali lilikuwa la haki. Nilinunua kitu kilichonipendeza mimi, kwa mikono yangu mimi. Koki ya duara inataka vidole vikaze na kifundo cha mkono kizunguke, na hivyo ndivyo viwili ambavyo baridi yabisi huvichukua mwanzo. Tangu hapo tukawa na kanuni moja nyumbani: kazi ya vidole ihamishiwe kiganjani, kazi ya kiganja ihamishiwe kwenye kiwiko, kazi ya kiwiko, ikiwezekana, ifanywe na mguu, na kazi ya kupandisha maji ifanywe na wenye nguvu, kisha maji yashuke yenyewe kwa mzee.

Maji yapande kwa vijana, yashuke kwa mama

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hata kopo la lita moja ni kilo nzima ambayo mkono dhaifu unatakiwa kuipandisha juu ya kichwa mara kumi au zaidi kila anapooga. Kwa hiyo tuliondoa kunyanyua.

Nje ya ukuta wa bafu fundi alijenga nguzo ya matofali yenye msingi imara, na juu yake tukaweka jaba la lita 60. Kumbukeni kuwa jaba hilo likijaa ni kilo 60 na zaidi. Kuliweka juu ya miti miwili na mbao za mabox ni kumtegea mzee mtego. Tulilijengea nje ili kijana alijaze jioni bila kuingia bafuni na bila kumsumbua mama. Bomba la nusu inchi likapenya ukutani, na ndani likaungwa mpira laini wa mita moja na nusu uliotundikwa kwenye ndoano usawa wa bega la mtu aliyekaa. Kwa kuwa mama anaoga ameketi, jaba halikulazimika kuwa juu sana. Kitako chake kiko kidogo tu juu ya kimo cha mtu mzima. Jaba jeusi likipigwa na jua la Simiyu hutoa maji ya uvuguvugu alasiri bila kuni wala mkaa.

Koki tuliibadilisha. Madukani zipo koki zinazofunguka kwa kusukuma mpini robo ya mzunguko tu, hazina haja ya kuzungushwa mara nyingi. Fundi wa kuchomelea alichukua kipande cha bomba la chuma, akalivika na kulifunga kwenye mpini ule, ukawa mrefu mara tatu ya ulivyokuwa. Mpini ukirefuka mara tatu, nguvu inayohitajika kuusukuma hupungua hadi kufikia kama theluthi. Mama sasa anausukuma kwa mkono chini ya kiwiko, vidole vimepumzika. Ncha ya mpini tuliifunika kwa mpira wa tairi la baiskeli ili isimkwaruze.

Asiye na uwezo wa jaba na fundi asikate tamaa. Ndoo ya lita 20 yenye koki, kama zile zinazowekwa milangoni kwa ajili ya kunawia mikono, ikiwekwa juu ya kibaraza cha tofali kifuani mwa mtu aliyekaa, inatosha. Na hata mwenye kopo tupu anaweza kupunguza taabu: tumia kopo la nusu lita badala ya lita nzima, na livike mpini mnene. Mpini mwembamba hutaka vidole vikaze sana. Ukizungushiwa kitambaa na kisha mpira wa baiskeli hadi ujae kiganjani, hushikika kwa nguvu ndogo. Kwa asiyeweza kukunja vidole kabisa, funga ukanda mpana wa mpira kwenye kopo ili kiganja kipite ndani yake, kopo likae mkononi bila kushikwa. Kata ya kibuyu, ambayo bibi zetu waliitumia, ni nyepesi kuliko makopo mengi ya dukani na shingo yake ni nene. Usiidharau.

Kuhusu maji ya moto, tahadhari ni tatu. Asiye na nguvu mikononi asibebe sufuria la maji yanayochemka hata hatua moja. Tangulizeni maji baridi ndooni, kisha muongeze ya moto, kamwe msianze na ya moto. Na maji yapimwe kwa kiwiko, na mtu asiye na ganzi, kabla hayajamfikia mgonjwa.

Kiti, bomba la kushikia na mlango

Mtu aliyesimama kwenye sakafu yenye povu hutumia mikono yake kujizuia asianguke. Akiketi, mikono huwa huru kuoga. Kiti cha plastiki hakifai, miguu yake huteleza na huachana. Sisi tulijenga kibaraza cha matofali na saruji kwenye kona, kimo chake kama sentimita 45, ili nyayo za mama zikanyage chini sawasawa na magoti yasipande juu. Juu yake saruji ilisawazishwa bila kung'arishwa. Sakafuni vilevile tulimwomba fundi aikwaruze kwa ufagio ingali mbichi, isiwe laini kama kioo.

Pembeni mwa kibaraza tuliweka bomba la chuma lililolala, likapenya ndani ya ukuta wa tofali na kushikwa kwa saruji. Kosa la pili tulilifanya hapa: kwanza tuliliweka juu, usawa wa kifua, kwa kudhani mama atajivuta nalo. Mwenye vidole dhaifu hawezi kujivuta. Anachoweza ni kuegemeza mkono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, na kujisukuma ainuke. Tukalishusha hadi likawa juu kidogo ya kiti, mahali ambapo mkono wake unalalia. Bafu la mabati au la matete halibebi bomba la namna hiyo. Hapo simika nguzo ya mti mgumu ardhini, kwa kina cha kutosha, isitegemee ukuta.

Mlango nao una neno. Ufunguke kwa nje, maana mzee akiteleza na kuanguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, waokoaji watamsukuma yeye mwenyewe. Komeo la kuvuta kwa vidole tuliliondoa, tukaweka kipande cha ubao kinachozunguka kwenye msumari mmoja. Husukumwa kwa kiwiko. Na kanga nyekundu ikitundikwa nje, nyumba nzima inajua kuwa bafu lina mtu.

Sabuni, dodoki na kanga

Sabuni ya kipande ni adui mkubwa wa mkono dhaifu: huteleza, huanguka, na mzee huinama kuitafuta, hapo ndipo anapoanguka yeye. Itieni ndani ya soksi safi au wavu wa vitunguu, mfunge fundo, mwitundike kwa kamba ukutani. Mama hujisugua kwa soksi ile ile, sabuni ikiwa ndani, na akiiachia haiendi popote. Taulo la zamani likishonwa mfano wa mfuko wa kuingiza mkono hutosha kusugulia bila kushikwa. Kwa mgongo na miguu, dodoki refu lishonewe vitanzi viwili miishoni, kila kitanzi kiingie kiganja.

Kitambaa cha kujifutia kisikamuliwe kwa vidole. Kizungushwe kwenye lile bomba la kushikia, kisha ncha mbili zisokotwe pamoja kwa viganja. Na baada ya kuoga, badala ya taulo zito, mama hujifunika kanga mbili kavu. Tumemshonea vazi jepesi lililo wazi mbele ambalo hufungwa kwa ukanda mpana, halina kifungo wala zipu. Wifi ndiye aliyelibuni na kulishona, na hilo limewasogeza karibu zaidi kuliko lile la kuogeshana lililokuwa linawatia haya wote wawili.

Udhu

Nililoliona la thamani zaidi katika kazi hii yote ni udhu, kwa sababu unarudi mara tano kwa siku. Hapa msaada ulitoka kwenye kitu ambacho kila shule ya msingi inakijua: kibuyu chirizi. Ni kidumu cha lita 3 au 5 kilichotobolewa tundu, kikaning'inizwa kwenye mti, na kamba ikashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, kidumu huinama na maji huchirizika, ukiachia, hurudi. Ubunifu huu uliendelezwa nchini Zimbabwe katika miaka ya 1980, na hapa kwetu ulienea pamoja na kampeni ya usafi wa mazingira iliyokuja kuvuma kwa jina la Nyumba ni Choo. Lengo lilikuwa kuzuia magonjwa ya kuhara: mtu atokaye chooni asiguse kidumu kwa mkono mchafu. Lakini kitu kisichohitaji mkono kugusa ndicho kinachomfaa asiye na nguvu mkononi. Tulikitundika mbele ya kibaraza kile kile, mama akakaa, akakanyaga, maji yakamjia. Kidumu kisijazwe, nusu inatosha, ili mguu usichoke. Kwa mwenye magoti mabovu, kamba ifungwe kwenye kitanzi cha kuvutwa kwa kiwiko.

Kwa Alfajiri tuliongeza jambo jingine. Ile chupa ya chai ya kubonyeza juu, ambayo hutoa chai bila kuinamishwa, tunaijaza maji ya uvuguvugu usiku. Nasisitiza uvuguvugu, si ya kuchemka. Mama akiamka huibonyeza kwa kiganja, maji ya joto humlainisha vidole, na udhu wake hukamilika kabla muadhini hajamaliza.

Tusisahau pia kuwa maji mengi si sharti la tohara. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi ya mudi nne hadi mudi tano. Kwa vipimo vya leo mudi haifiki lita moja, na pishi hiyo ni kama lita mbili na nusu hadi tatu. Tunaona tabu kwa mzee kwa sababu tumemzoesha ndoo nzima. Sunna imekwisha kumpunguzia mzigo.

Wako wazee wanaodhani kusaidiwa kunapunguza ibada yao. Mughira bin Shu'ba (r.a) alimmiminia Mtume (s.a.w) maji ya udhu safarini, na katika kisa hicho hicho Mtume alipaka juu ya khofu zake bila kuzivua, kwa kuwa alizivaa akiwa na tohara. Humo mna mafunzo mawili kwa mzee asiyeweza kuinama: kumiminiwa maji kunaruhusiwa, na kupaka juu ya khofu kunaruhusiwa kwa mkazi usiku na mchana mmoja, na kwa msafiri siku tatu. Kuhusu soksi za kawaida madhehebu yanatofautiana, basi muulizeni sheikh wenu. Nia inabaki kuwa ya mwenye udhu, hata kama mkono unaomimina ni wa mwingine. Na katika Suratul Maida, aya ya 6, ambayo imetufundisha udhu na tayamamu kwa pamoja, Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa hakukusudia kututia katika dhiki. Tayamamu ni rehema kwa aliyekosa maji au ambaye maji yanamdhuru. Isiwe kimbilio la mama ambaye maji yapo na watoto wapo, ila hakuna aliyemsogezea.

Kwa wenye hodhi na bomba la mvua

Wasomaji wetu wa mijini, na ndugu zetu walioko Maskati au Uingereza, wengi wana hodhi la kuogea lenye bomba la mvua juu yake. Kanuni ni zile zile, ila hatari yake kubwa ni ukingo. Mwenye mikono dhaifu hawezi kujishikilia anapouvuka, na akipoteza mizani hukamata koki au bomba la mvua, navyo havikuundwa kubeba mtu, hung'oka. Wekeni ubao imara wa kukalia uliolala juu ya kingo mbili za hodhi na kubanwa usiteleze. Mzee akae kwanza akiwa nje, kisha aingize mguu mmoja baada ya mwingine. Ndani ya hodhi tandikeni mkeka wa mpira unaonata. Bomba la mvua liwe la mpira unaoshuka hadi mapajani, na koki iwe ya mpini mmoja. Mpira wa kujisafishia chooni wenye kichwa cha kubonyeza kwa kidole gumba humshinda mgonjwa; tafuteni unaofunguliwa kwa mpini ukutani.

Huko England halmashauri hutuma mtaalamu kuja kulitazama bafu la mzee, na marekebisho madogo yasiyozidi pauni 1,000 hayalipiwi na anayestahili. Ulizeni, msione haya. Hapa kwetu ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na wapo maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri. Hospitali kubwa za rufaa kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zina wataalamu wa viungo wanaoweza kumfundisha mgonjwa mazoezi ya mikono na namna ya kuilinda. Bafu zuri halichukui nafasi ya matibabu, na baridi yabisi ikitibiwa mapema huviokoa vidole vingi.

Sitara na heshima

Mwisho, wako wazee ambao hata baada ya haya yote watahitaji kuogeshwa. Hapo heshima iwe mbele ya maji. Mumewe au mkewe ndiye wa kwanza kwa jambo hili kama yupo na anaweza. Akikosekana, awe mtu wa jinsia yake anayemridhia yeye, na muulizeni ni nani, msimpangie. Kanga isitoke mwilini. Maji yapitishwe chini yake. Sehemu ya siri aioshe mwenyewe kwa ule mfuko wa taulo kadiri awezavyo. Na yanayoonekana bafuni yasisimuliwe sebuleni.

Suratul Israa, aya ya 23 na 24, imetutaka tuwafanyie wema wazazi wanapofikia uzee mikononi mwetu, tusiwakemee wala kuwaonesha kuchoka. Mimi nilidhani ninaitekeleza kwa kutuma fedha kila mwezi. Mama yangu hakupungukiwa na fedha. Alipungukiwa na mpini wa koki, kibaraza, kidumu kilichotobolewa na soksi yenye sabuni.

Juzi nilimpigia simu. Alikuwa na haraka, akasema nimkatize, Adhuhuri imekaribia na anakwenda kutia udhu. Nikamuuliza mjukuu yuko wapi. Akasema, "Shuleni, tangu asubuhi. Wewe ulitaka awe wapi?"

Ndugu msomaji, leo ni Ijumaa. Ukitoka msikitini, mpigie mzazi wako, na baada ya salamu umuulize anaogaje. Usikubali jibu la "sijambo, mwanangu". Muulize kuhusu ndoo, kopo, sabuni na mlango, kimoja baada ya kingine. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, atupe sisi macho ya kuona wanayotuficha, na atujaalie watoto watakaotusogezea maji siku mikono yetu itakapochoka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.